Mkanda wa mashine yangu ya kufulia unateleza: niukaze, niitupe mashine, au niipeleke Tanga?

"Shikamoo fundi. Naishi Minnesota, Marekani. Mwaka juzi tulinunua nyumba kwa wazee fulani, na huko chini tukakuta mashine ya kufulia ya Maytag, ya kufunguliwa juu, ambayo walisema waliinunua mwanzoni mwa miaka ya 1970. Inatakatisha nguo kuliko mashine zote nilizowahi kutumia. Shida ni wakati wa kukamua: mota inaunguruma, pipa linaanza kuzunguka polepole sana, na ukichungulia chini unaona mkanda unateleza kwenye puli. Mota yenyewe haijashikwa imara, ukiisukuma kwa mkono inacheza. Fundi aliyekuja alisema mkanda umelegea, mota imeng'oka mahali pake, na kwamba mashine za mkanda zilishapitwa na wakati, ninunue ya 'dairekti draivu' isiyo na mkanda. Mume wangu anataka kuikaza mota kwa bolti na kuweka mkanda wa gari. Mimi nilipanga kuiingiza kwenye kontena tunalomtumia mama Tanga mwezi wa sita. Tufanye nini?"

Marahaba, dada yangu. Kabla sijaeleza lolote, tafadhali mwambie shemeji aweke spana chini. Mota hiyo haijang'oka. Iliundwa icheze hivyo hivyo, na mkanda huo uliundwa uteleze.

Naelewa kwa nini mmeingiwa na wasiwasi. Mtu akiona mkanda unateleza kwenye mashine ya kusaga au kwenye injini ya gari, anajua kuna tatizo, na anaukaza. Fundi wenu amefikiri hivyo hivyo, na kwa mashine nyingine angekuwa sahihi. Ila swali lako limebeba maswali matatu: kama mashine ni mbovu, kama mkanda ni ufundi uliokwisha, na kama mashine itamfaa mama. Nitayachukua kwa zamu. Hilo la tatu ndilo lililonifanya nikuandikie kirefu, maana hapo nimeona ndugu zetu wengi wakipoteza fedha.

Tuanze na kazi yenyewe. Mashine yenye ile nguzo ya mapezi katikati ya pipa, mafundi huiita ajiteta, inatakiwa kufanya mambo mawili yasiyofanana hata kidogo. Wakati wa kufua, ajiteta iende na kurudi, iende na kurudi, kwa mwendo mfupi wenye nguvu, na pipa lisimame tuli. Wakati wa kukamua, pipa zima lizunguke upande mmoja kwa kasi kubwa ili maji yatoke nguoni. Mota ya kufanya yote hayo ni moja, na mota ya umeme ya enzi ile haikujua mwendo wa polepole. Ukiiwasha, inataka kufika mizunguko 1,725 kwa dakika kabla hujamaliza kupepesa jicho. Pipa lenye maji na mashuka yaliyolowa haliwezi kuondoka kwa haraka hiyo. Kwa hiyo kati ya mota yenye pupa na pipa zito lazima pawe na kitu kinachokubali kuchelewa kwa niaba ya wote wawili. Kwenye gari ni klachi, na mguu wa dereva ndio unaoipima. Kwenye mashine ya kufulia hakuna mguu, kwa hiyo kila kampuni ilibuni njia yake. Ukijua kitu hicho cha kati kiko wapi, umeijua mashine: utajua italia vipi, itakufa vipi, na nini usiguse.

Kwenye Maytag yako, kitu hicho ni mkanda wenyewe. Mota imekaa juu ya kigari kidogo kinachoteleza kwenye vipande vya nailoni, na springi zinaivuta ili mkanda ukazwe kwa kiasi fulani tu. Mzigo ukiwa mzito, mota inavutwa kuelekea puli kubwa, yaani gurudumu la mkanda lililo chini ya pipa, springi zinakubali, mkanda unalegea na kuteleza. Pipa likishashika kasi, springi zinairudisha mota nyuma na mkanda unashika sawasawa. Kwa maneno mengine, springi zile ndizo mguu wa dereva.

Sasa angalia kinachotokea dakika ile taima, ile saa inayopanga zamu za kazi za mashine, inapoingia kwenye kukamua, kwa sababu ndicho unachokiona. Mota ya mashine hii inazunguka pande mbili. Upande mmoja ni wa kufua: puli inazungusha gia za ndani, na mkono wa chuma unageuza mzunguko kuwa mwendo wa kwenda na kurudi. Umewahi kuona cherehani ya miguu, mwendo wa kupanda na kushuka wa kanyagio ukigeuka kuwa mzunguko wa gurudumu. Hapa ni kinyume chake. Wakati huo breki iliyo chini ya pipa imelishika pipa lisisogee. Mota ikigeuka upande wa pili, puli inapanda kidogo kama nati kwenye skrubu, inaisukuma breki iachie, kisha giaboksi yote na pipa vinazunguka pamoja kama kitu kimoja. Ukifungua kifuniko, mota inazimika, puli inashuka, breki inashika. Hakuna sumaku ya umeme ya kuchagua kazi, hakuna kamba wala lefa. Mashine inajua ifanye nini kwa upande ambao mota inazunguka. Nimefungua mashine za aina nyingi, na sijui ubunifu uliopata mengi kiasi hiki kwa vyuma vichache kiasi hiki.

Pampu ya maji nayo inaendeshwa na mota hiyo hiyo kwa mkanda wake mdogo. Mota inapogeuka kukamua, pampu inaanza kutoa maji wakati huo huo. Maana yake, katika dakika ya kwanza mota inaambiwa izungushe pipa ambalo bado limejaa maji. Haliwezekani hilo, na halikutarajiwa. Mkanda unateleza, pampu inatoa maji, mzigo unapungua, pipa linaanza kusogea, maji yanapungua tena, kasi inapanda mpaka kama mizunguko 600 kwa dakika. Ule mwanzo wa polepole uliokutia hofu ndio utaratibu wenyewe.

Sasa fikiria shemeji angeikaza mota kwa bolti na kuweka mkanda wa gari. Mkanda wa gari umetengenezwa usiteleze hata kukiwa na mvua. Mota ingejaribu kulivuta pipa lililojaa maji, ingeshindwa kufika kasi yake, waya wake wa kuanzia ungeendelea kubeba umeme ambao ulipaswa kuukata mara moja, na joto lingepanda mpaka kinga ya ndani iizime. Nilipokuwa natengeneza mashine huko Ohio, mama mmoja aliniita kwa tatizo hilo hilo: mashine inaunguruma, inazimika, inapumzika nusu saa, inajaribu tena. Alikuwa ameshabadilishiwa taima na swichi ya kifuniko, na alikuwa anafikiria kubadilisha mota. Nilitoa mkanda wa gari, nikaweka mkanda wake halisi, nikalainisha kigari cha mota, basi. Fedha za taima hazikurudi.

Sisemi kwamba mashine yako ni nzima. Siwezi kulisema hilo kutoka mbali. Ninachosema ni kwamba dalili uliyonieleza peke yake si ugonjwa. Ugonjwa una dalili zake, na nyingi unaweza kuziangalia mwenyewe. Chomoa waya ukutani kwanza, si kuzima swichi tu, uchomoe kabisa. Chini ya kibao cha mbele kuna skrubu mbili. Ukizitoa kibao kinafunguka. Shika mota uisukume kuelekea katikati. Inatakiwa iende na irudi yenyewe kwa ulaini. Ikikwama, au ikienda kwa mikwaruzo, vile vipande vya nailoni vimekauka, na hiyo ndiyo sababu ninayoikuta mara nyingi kuliko zote. Vinasafishwa na kupakwa grisi maalumu isiyokula plastiki. Angalia mkanda: ukiwa na nyufa, au uking'aa pembeni kama kioo, au ukikuta vumbi jeusi la mpira limetapakaa sakafuni, umefika mwisho. Mikanda yake miwili huuzwa pamoja Marekani, na bado inapatikana. Ule mdogo wa pampu usikazwe sana. Ukikazwa kama uzi wa gitaa utaizuia mota isisogee, na utakuwa umeivunja ile hekima ya kigari kwa mlango wa nyuma.

Kisha tazama kama kuna oili. Tone moja la oili ya giaboksi likifika kwenye mkanda, mkanda utateleza daima hata ukiwa mpya, na hapo kubadilisha mkanda ni kujidanganya. Angalia pia maji yanavyotoka. Pampu ikiwa imezibwa na soksi au sarafu, maji hayaondoki, mzigo haupungui, na mkanda utateleza mpaka uungue, na lawama zote utazitupia mkanda. Rudisha kibao, washa, ufue mzigo wa kawaida. Maji yakishaisha, ndani ya dakika moja hivi pipa liwe limeshika kasi na ule mlio wa kuteleza uwe umekoma. Mlio ukiendelea, ukinusa mpira unaungua, au nguo zikitoka zinachuruzika, basi kuna kazi ya kufanya.

Nije kwenye maneno ya fundi kwamba mkanda umepitwa na wakati. Hapa inabidi nirudi nyuma kidogo, na bahati nzuri historia hiyo iko karibu na kwako. Maytag ilianzia Newton, jimbo la Iowa, jirani zako wa kusini. Mwaka 1893 kilikuwa kiwanda cha zana za wakulima, na mashine yake ya kwanza ya kufulia ilitoka 1907. Mashine za wakati huo zilikuwa pipa lenye kitu cha kukoroga kilichoning'inia kutoka kwenye kifuniko, na mtu akisokota mkono. Mwaka 1922 Maytag ikatoa Gyrafoam, iliyohamisha ajiteta kutoka kifunikoni kwenda sakafu ya pipa. Unaweza kuona ni jambo dogo, lakini lilihamisha pia gia zote kwenda chini ya pipa, na juu pakabaki wazi kwa nguo. Mashine za wakulima wasio na umeme zilifungwa injini ndogo ya petroli, unaiwasha kwa kupiga kanyagio kama pikipiki. Kukamua kulifanywa na roli mbili za mpira juu ya pipa, unaingiza nguo huku inatokea kule ikiwa bapa. Roli hizo zilikula vidole vya watu wengi, na bado Maytag iliendelea kuziuza mpaka 1983, kwa sababu kuna kina mama ambao hawakutaka nyingine.

Mashine iliyofanya yote yenyewe, kufua, kusuuza na kukamua katika pipa moja, ilikuja 1937 kwa jina la Bendix, ikifunguliwa mbele. Hiyo ilibidi ifungwe kwa bolti kwenye sakafu, kwa sababu pipa likikamua lilitikisika na hapakuwa na springi za kulibeba. Wajerumani walipotoa Constructa yao mwaka 1951, nayo ilifungwa sakafuni vivyo hivyo. Baada ya vita kampuni za Marekani zikaingia kwa pamoja kwenye mashine za kufunguliwa juu, na hapo ndipo kila moja ikaja na jibu lake kuhusu kile kitu cha kati. General Electric waliweka klachi ya kwenye shafti ya mota, yenye viatu vinavyotanuka kwa kasi na kushika taratibu, kama klachi za pikipiki ndogo zisizo na gia za mguu. Frigidaire, ambayo wakati huo ilikuwa mali ya General Motors, ilitengeneza ajiteta inayopanda na kushuka kama mchi kwenye kinu, na mwaka 1965 ikaja na mashine iliyotumia roli badala ya meno ya gia. Mashine hizo za Frigidaire ziliisha baada ya General Motors kuiuza kampuni hiyo mwaka 1979, na wanaozihifadhi wanazipenda kwa moyo wote, ila vipuri vyake ni vya kutafuta kwa tochi.

Whirlpool, ambayo pia ilitengeneza mashine za Kenmore kwa ajili ya maduka ya Sears, zikiwemo za kufanya yote zenyewe kuanzia 1947, ilichukua njia nyingine. Mota ilizunguka upande mmoja tu siku zote. Juu ya giaboksi kulikuwa na kipande chenye koili mbili za sumaku kikicheza kushoto na kulia muda wote kama mkia wa mbwa, na taima ikitaka kufua iliipa umeme koili moja, ikitaka kukamua iliipa nyingine, chuma kikadaka na kuvuta. Ule mlio wa "tak" unaousikia kwenye Kenmore za zamani ndio huo. Zilidumu karibu miaka 40 sokoni, kwa hiyo usidharau.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Whirlpool ikauacha mkanda. Mota ikafungwa ubavuni mwa giaboksi, shafti kwa shafti, na kati yao pakawekwa kaplingi: vipande viwili vya plastiki, kila kimoja na meno matatu, na kisahani cha mpira katikati. Hiyo ndiyo "dairekti draivu" ambayo watu wengi wa Marekani wanaijua, na huenda ndiyo aliyokuwa nayo fundi wenu akilini. Je, ni bora? Ina vipande vichache, ni rahisi sana kuitengeneza, na mafundi wote wa kule wanaijua kwa kugusa gizani. Lakini kitu cha kati hakijatoweka. Kimehamia kwenye plastiki ile, pamoja na klachi ndogo inayosaidia wakati wa kukamua. Ukijaza mablanketi, meno ya kaplingi yanavunjika badala ya mkanda kuteleza. Kipande chenyewe ni cha bei ndogo, na dalili yake ni ya wazi: mota inavuma, maji yanatoka kwa sababu pampu iko upande mwingine wa mota, lakini ajiteta haiendi na pipa halizunguki. Mkanda wako unateleza na kuendelea na kazi; kaplingi inavunjika na kusimama. Ndiyo tofauti yake.

Jina hilo hilo la dairekti draivu lina maana ya pili kabisa, na hapa watu wengi wanauziwa kitu wasichokifahamu. Fisher & Paykel wa New Zealand, mwaka 1991, waliondoa mkanda na giaboksi vyote, wakaweka mota bapa ya sumaku za kudumu chini ya pipa lenyewe, ikiongozwa na kompyuta ndogo. LG walileta ya kwao mwaka 1998, na leo unaiona kwenye matangazo pamoja na neno inveta, yaani kifaa cha umeme kinachobadilisha kasi ya mota. Hapo kitu cha kati kimekuwa programu: bodi ya umeme inaiambia mota ianze polepole, igeuke, iongeze kasi. Hiyo ni hatua kubwa ya kweli, mashine zinakuwa kimya na zinatumia umeme kidogo. Kitu kinachoumia sasa ni bodi, na bodi haipakwi grisi. Ikiungua kwa radi au kwa umeme unaopanda na kushuka, mara nyingi bei yake inakaribia nusu ya mashine.

Na mkanda haukufa. Mashine nyingi sana za kufunguliwa mbele zinazouzwa leo Ulaya, na Dar es Salaam pia, zina mkanda mrefu mwembamba kutoka mota mpaka gurudumu kubwa nyuma ya ngoma. Hazihitaji giaboksi kwa sababu ngoma inalala ubavuni na nguo zinapandishwa na kudondoka zenyewe. Uzito wa nguo ndio unaofua. Kilichobadilika pale ni mota. Zamani ilikuwa na nyaya za aina mbili ndani yake, moja ya mwendo wa taratibu na nyingine ya mwendo wa kasi kama 2,800 kwa dakika, baadaye zikaja mota za brashi za kaboni, na sasa za inveta. Mkanda umebaki pale pale, na hakuna anayeuita wa kizamani.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa hapo Minnesota: itunzeni. Lainisha kigari, badilisha mikanda yote miwili kwa ya kwake halisi, safisha pampu, na uache kujaza pipa mpaka juu. Upungufu wake niseme bila kuficha. Inatumia maji mengi, kama lita 150 kwa mzigo mmoja mkubwa ukihesabu kufua na kusuuza, na inakamua hafifu kuliko mashine ya sasa ya kufunguliwa mbele, kwa hiyo kikaushio chenu kinafanya kazi ndefu zaidi. Kiwanda cha Newton kilifungwa 2007, mwaka mmoja baada ya Whirlpool kuinunua Maytag, na ingawa mikanda na pampu bado zipo, vipuri vya ndani ya giaboksi vinazidi kuwa adimu. Giaboksi ikianza kuvuja oili nyingi, au beringi ya pipa ikianza kunguruma wakati wa kukamua kama ndege inayotaka kuruka, hapo pigeni hesabu upya.

Sasa Tanga. Dada, usiipeleke.

Najua utasema utanunua transfoma ya kushusha umeme. Transfoma inashusha volti kutoka 230 za Tanzania mpaka 120. Haibadilishi hezi. Umeme wa Marekani unapiga mara 60 kwa sekunde, wa kwetu mara 50, na mota ya aina hiyo kasi yake inafungwa na mapigo hayo. Ile ya 1,725 itakwenda kama 1,425. Pipa lililokuwa linazunguka 600 litazunguka 500. Unaweza kusema si haba, lakini nguvu ya kutupa maji inafuata kasi ikizidishwa kwa kasi yenyewe. Kupungua kwa sehemu moja ya sita kunakunyang'anya karibu theluthi ya nguvu ya kukamua. Nguo za mama zitatoka zimejaa maji. Taima nayo inaendeshwa na mota ndogo inayohesabu mapigo hayo hayo, kwa hiyo dakika 10 za kufua zitakuwa 12.

Hayo mtu angeyavumilia. Lisilovumilika ni joto. Chuma cha mota kilipimwa kibebe volti 120 kwa mapigo 60. Mapigo yakishuka hadi 50 na volti zikabaki 120, chuma kinashiba sumaku, umeme unaopita kwenye nyaya unazidi, na mota inachemka hata ikiwa haina mzigo mzito. Ili iwe salama ingebidi ushushe mpaka volti 100 hivi, na transfoma ya aina hiyo haiuzwi kila duka. Isitoshe lazima iwe kubwa, kwa sababu mota inapoanza inavuta umeme mara kadhaa kuliko inapotembea. Vifaa vya kugeuza hezi zenyewe vipo, ila vyenye uwezo wa kuanzisha mota kama hiyo ni vikubwa na ghali. Ongeza kwamba mashine hii inajaza maji kwa nguvu ya bomba, na nyumba nyingi zinategemea tangi la juu, na kwamba siku mkanda ukikatika Tanga hakuna duka lenye mkanda wake. Nimeona mashine nzuri kabisa za Marekani zimegeuzwa mapipa ya kuhifadhia mahindi. Inauma kuona.

Kwa mama, nunueni mashine ya mapipa mawili huko huko nyumbani. Najua wengine wanaiona ya bei rahisi, lakini ukoo wake ni wa heshima. Hoover walianza kutengeneza mashine ndogo ya kisahani kinachozunguka pembeni mwa pipa huko Merthyr Tydfil, Wales, mwaka 1948, bila giaboksi ya kwenda na kurudi. Sanyo ya Japani ikatoa ya kwake kwa mfano huo 1953, na kutoka Asia wazo hilo ndilo lililotufikia sisi. Kisha likaja pipa la pili la kukamulia lenye mota yake. Ona walivyolitatua lile swali la kazi mbili: hawakulazimisha mota moja kufanya yote, waliweka mbili. Mota ya kufulia inageuzwa upande kwa taima na inakizungusha kisahani kwa mkanda mfupi. Mota ya kukamulia imeunganishwa na ngoma yake moja kwa moja. Inapokea maji ya ndoo, haihitaji nguvu ya bomba. Kapasita, mkanda, sili, taima, vyote vinapatikana, na fundi yeyote wa mtaani anaifungua bila kukisia.

Nimalizie hapo Minnesota na mambo ambayo msijaribu wenyewe. Breki iliyo chini ya pipa imebanwa na springi yenye nguvu kubwa, na kuifungua kunahitaji kifaa chake maalumu. Springi hiyo ikichomoka inaweza kuvunja mkono. Vumbi la breki za miaka ile msilipulize wala kulifagia kavu, lichukulieni kama lina asbesto, lifutwe kwa kitambaa kilicholowa. Ukigusa mwili wa mashine ukahisi umeme unakutekenya, hata kidogo, ichomoe siku hiyo hiyo na umwite fundi wa umeme aangalie waya wa ardhi wa ukutani na wa mashine. Maji yakivuja kutoka katikati ya pipa kwenda chini, usingoje wiki ipite. Yanaingia kwenye beringi. Na ukimtafuta fundi mwingine, muulize swali moja tu kabla hajafungua kitu: kwa nini mota ya Maytag inateleza kwenye kigari chake? Akijibu kwamba ni ya kuikaza, mshukuru na umwache aende.

Na siku mashine ya mama ikifika nyumbani, kabla muuzaji hajaondoka, iwashwe upande wa kukamua ikiwa na nguo zilizolowa, kisha kifuniko kifunguliwe bila mtu kuingiza mkono. Kuna waya mwembamba kutoka kwenye kifuniko mpaka breki ya ngoma. Ngoma ikisimama ndani ya sekunde chache, mlipeni. Ikiendelea kuzunguka, abadilishe mashine pale pale.